Tuhame au tufungue upya palepale? Jibu kwa mwalimu wa Tanga

Mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyeko Tanga ameniandikia hivi (nimeufupisha ujumbe wake):

"Kwa miaka tisa nimeendesha ukurasa wa mashairi kwenye mtandao mmoja mkubwa. Tulifika wafuasi 14,000. Mwezi wa pili mtu akaudukua, akaondoa jina letu na picha ya jahazi, sasa unatangaza dawa za kupunguza kitambi. Nimelalamika mara kumi na moja, anayejibu ni mashine. Washairi wenyewe tuko kama sitini: Tanga, Unguja, Lamu, Mombasa, wawili Maskati, mmoja Minnesota. Wengi wanasema tufungue ukurasa mwingine palepale. Kijana wetu mmoja anasema tuhamie Mastodon kwa kuwa 'haina mwenyewe'. Je, ni kweli haina mwenyewe? Na tukihama, tutahamaje bila kupotezana?"

Mwalimu, pole sana. Miaka tisa ya beti si hasara ya kuambiwa "fungua nyingine" yakaisha.

Nianze na kauli ya kijana wenu, kwa sababu hapo ndipo wengi hujikwaa. Mtandao usio na mwenyewe haupo. Kila ubeti mnaoposti unakaa kwenye kompyuta fulani. Kompyuta inakula umeme, umeme una bili, na bili ina jina la mtu juu yake. Kwenye mitandao ya kampuni mwenyewe ni mmoja na yuko mbali. Kwenye hii iliyogatuliwa, kama Mastodon, wenyewe wako maelfu, kila mmoja na kompyuta yake na masharti yake, na ukishindwana na mmoja unafunga virago kwenda kwa mwingine huku ukiendelea kuzungumza na wale wale uliowaacha. Faida hiyo si ndogo. Lakini ina maana kwamba unapohama, unachochagua hasa ni mtu. Ukimjua mwenye kompyuta, ukajua analipaje bili, ukajua nani anashika funguo siku akiugua au akichoka, umemaliza robo tatu ya kazi. Wengi niliowaona wakihama walitumia wiki nzima kulinganisha programu, na hawakutumia hata dakika tano kuuliza msimamizi wao mpya anaitwa nani.

Ufundi wenyewe ni mwepesi kuliko unavyosimuliwa. Mastodon ni programu. Ilianzishwa na Eugen Rochko huko Ujerumani mwaka 2016, inatolewa bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadili. Anayeiweka kwenye kompyuta inayokaa hewani saa zote amefungua seva. Seva hizo huongea kwa itifaki moja (kanuni za mawasiliano), ActivityPub, iliyopitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018. Ndiyo maana anwani ya mtu huko ina sehemu mbili, jina lake na jina la seva yake, kama barua pepe: wa Gmail humwandikia wa Yahoo na hakuna anayeshangaa. Pixelfed ya picha na PeerTube ya video zinaongea lugha hiyo hiyo. Mshairi wenu wa Lamu akiweka video ya kughani utenzi kwenye PeerTube, wewe uliye Mastodon unamfuata na kumjibu bila kufungua akaunti ya pili.

Sasa kwa nini wengi wanaohama hurudi? Elon Musk alipoinunua Twitter kwa dola bilioni 44 mwishoni mwa Oktoba 2022, watu walimiminika Mastodon hadi waliokuwa wakiitumia kwa mwezi wakapita milioni 2. Miezi michache baadaye idadi ikateremka. Wakati ule nilikuwa nikipokea wageni kwenye seva yangu ndogo hapa Mombasa, na hadithi ilikuwa ile ile. Mtu anafika peke yake, anaandika "Hamjambo, nimefika", hakuna anayemjibu kwa kuwa watu wake wote wamebaki kule. Siku ya tatu hayupo. Huku hakuna mashine ya kukutafutia wasomaji. Ukurasa wa nyumbani unakuonyesha uliowafuata na walichosambaza, kwa mpangilio wa saa, basi. Usipomfuata mtu utatazama ukuta.

Kwa hiyo, Mwalimu, wafuasi 14,000 waliopotea wanauma, lakini hao sitini ndio kikundi. Wakihama sitini kwa pamoja, siku ya kwanza tu kuna mtu wa kutega na mtu wa kutegua. Akihama mmoja mmoja kwa wakati wake, mradi umekufa.

Na msitegemee kutangaza kuhama kwenu ndani ya nyumba mnayoihama. Desemba 2022 Twitter iliisimamisha akaunti ya Mastodon iliyokuwa huko, ikazuia linki za kwenda Mastodon, kisha ikatoa katazo rasmi la kutangaza mitandao mingine. Katazo halikudumu, lakini lilitosha kuwaonyesha watu kwamba anwani ya ndugu yako haifai kuwa mkononi mwa mtu wa tatu. Jambo la kwanza kabisa, kabla ya programu yoyote, ni daftari: majina sitini, namba za simu sitini, barua pepe kwa wenye nazo. Aliyeko Maskati na aliyeko Minnesota waandikiwe namba mbili. Daftari hilo likae kwa watu watatu. Najua ni ushauri wa kizee.

Turudi kwa mwenye kompyuta. Nimesema atachoka, na sikusema kwa kumdharau. Hata wenye fedha huchoka. Aprili 2022 ofisi ya Umoja wa Ulaya inayosimamia ulinzi wa data ilifungua seva ya Mastodon kwa ajili ya taasisi za Umoja huo. Mei 2024 ikaifunga, kwa kuwa muda wa majaribio uliisha na haikupatikana taasisi nyingine ya kuipokea. Umoja wa Ulaya huo, Mwalimu, wenye majengo na bajeti! Mozilla, wenye Firefox, nao walifunga ya kwao Desemba 2024. Wengine hawakuchoka, walinyang'anywa jina: seva moja ilijiita queer.af, na .af ni kikoa (mwisho wa anwani ya wavuti) cha Afghanistan. Februari 2024 serikali ya Taliban ikakisimamisha, na watu wake wakabaki na anwani zisizofika popote. Kikoa cha nchi kina serikali nyuma yake. Wanaojiandikisha kwa sababu herufi mbili za mwisho zinapendeza huwa hawaliwazi hilo.

Seva zilizo kwenye orodha rasmi ya Mastodon hutakiwa kuahidi mambo manne: kupiga vita ubaguzi na chuki, kufanya bakapu, yaani nakala ya akiba, kila siku, kuwa na mtu wa pili mwenye funguo za dharura, na kutoa notisi ya miezi 3 kabla ya kufunga. Hayo manne yachukueni kama kipimo chenu hata kwa seva isiyo kwenye orodha. La tatu ndilo ninaloliuliza mimi kwanza. Seva nzuri nyingi zina kichwa kimoja tu kinachojua nywila zote, na kichwa hicho hupanda bodaboda kila siku.

Je, mfungue yenu? Baadaye, ndiyo. Sasa hivi, hapana, na nitakueleza kwa nini kwa kisa changu mwenyewe.

Mwaka 2021 seva yangu ilikuwa na watu 23. Usiku wa kuamkia Idi, saa nne na kitu, simu inaingia kutoka Unguja: "Mbona mlango haufunguki?" Nikafungua kompyuta kibarazani, nikaandika df -h, amri ya kuangalia nafasi ya diski, ikanijibu asilimia 100. Diski ya GB 40 imejaa, hifadhidata imegoma kuandika, kila kitu kimesimama. Nikajiuliza watu 23 wameandika nini cha kujaza GB 40. Hawakuandika. Seva ya Mastodon huweka nakala ya picha na video za kila mtu wa nje anayefuatwa na mwanachama wako, na mwanachama wangu mmoja alikuwa akifuata wapiga picha wa paka karibu mia tatu. Mama ananiita ndani nikachambue mchele wa pilau, mimi niko na paka wa Japani. Niliandika tootctl media remove, amri ya kufuta picha za nje zilizozeeka, nikasubiri dakika arobaini, nafasi ikarudi. Siku hizi unaweza kuipangia seva izifute yenyewe baada ya siku kadhaa, lakini lazima kuwe na mtu anayejua kwamba mpangilio huo upo. Mchele sikuuchambua, na nimekumbushwa kila Idi tangu hapo.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Nusu mwaka wa kwanza ingieni kama wapangaji kwenye seva ya watu wengine iliyokwisha kukomaa, yenye msimamizi anayejibu na mwenye mtu wa pili. Mwandikieni kabla ya kuingia: "Tuko sitini, tunaandika kwa Kiswahili, tunakaribishwa?" Wengi hufurahi. Wengine watasema sitini kwa mpigo ni wengi mno kwao, na huo nao ni ungwana. Katika muda huo mtajua nani kikundini ana mkono wa kiufundi na, muhimu zaidi, nani ana subira.

Mkifika wakati wa kujenga yenu, msikimbilie Mastodon yenyewe. Ni programu nzito kwa kikundi kidogo. Ipo GoToSocial, inayoongea ActivityPub ile ile lakini inatosheka na kompyuta hafifu ya kukodi, ya dola 5 hadi 10 kwa mwezi. Haina ukurasa wake wa kupostia, mtatumia programu za simu kama Tusky, na bado inaendelea kujengwa, lakini ina jambo litakalowafurahisha washairi: kikomo chake cha kawaida ni herufi 5,000. Mastodon ni 500. Nimewahesabia. Ubeti wa tarbia wenye mizani 16 kwa mshororo unakula herufi 150 hadi 190 pamoja na nafasi na mkato, kwa hiyo Mastodon itawapa beti mbili kwa raha, ya tatu itategemea vina vyako. Kwenye GoToSocial unamwaga shairi zima na kibwagizo chake.

Fedha ziendesheni kama kikoba. Shilingi 500 za Tanzania kwa kichwa kila mwezi kwa watu sitini ni 30,000, inalipa kompyuta na kikoa na chenji ya kumpa fundi bando. Kuna ushirika mmoja, social.coop, unaoendesha seva yake hivyo tangu 2017: wanachama huchangia, huamua mambo kwa kura, na hesabu zinawekwa wazi. Nyinyi mnalijua hilo kuliko wao. Kila mtaa wa Tanga una mweka hazina mkali kuliko mkaguzi wa serikali. Jina la kikoa lisajiliwe kwa jina la kikundi au la watu wawili, kamwe lisiwe la kijana mmoja kwa barua pepe yake binafsi. Nimeona kikundi kikivunjika kwa sababu hiyo peke yake: mwenye kikoa alioa, akahamia Dodoma, akaacha kusoma barua pepe.

Upande wa sheria sitakaa sana, kwa kuwa mimi si wakili. Mkiwa wapangaji, mzigo mkubwa uko kwa mwenye seva. Mkifungua yenu mkiwa Tanzania, someni Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 na marekebisho yake ya 2022, kisha mwandikieni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, rasmi kuuliza kama mnahitaji leseni. Jibu la maandishi lihifadhiwe. Mtakuwa pia mnashika taarifa za watu, hivyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawagusa, na wenzenu wa Kenya wana ya kwao ya 2019.

Na kijana wenu asiwadanganye kwamba ugatuzi haufungiki. X, iliyokuwa Twitter, ilizuiwa Tanzania Mei 2025. Kikoa cha seva yenu nacho kinaweza kuzuiwa kwa njia ile ile, na serikali ikizima intaneti yote, kama Uganda Januari 2021 na Tanzania wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025, hakuna itifaki itakayopenya. Tofauti ni ndogo lakini ni ya kweli: seva ya Tanga ikizuiwa, mshairi wa Mombasa aliye kwenye seva nyingine haathiriki, na machapisho mliyokwisha kumpelekea yamebaki kwake.

Lipo jambo moja ambalo wataalamu wa Ulaya hawaliandiki kwa kuwa haliwahusu, nalo ndilo litakalowaangusha nusu ya wanachama wako: bando. Vifurushi vya bei nafuu vya mitandao ya kijamii hutaja programu kwa majina, na Mastodon haimo. Mzee wa Pangani aliyezoea kusoma mashairi kwa kifurushi cha mitandao ataona huku kunakula data yake ya kawaida, atadhani programu ina wizi. Mwambieni mapema. Kwenye Tusky mpange picha zisishushwe bila kuguswa. Maandishi matupu ni mepesi sana. Asiyeweza kabisa abaki kwenye kundi la WhatsApp, na mtu mmoja awe na zamu ya kubeba shairi la wiki kutoka huku kwenda kule. Msilifunge kundi la WhatsApp kwa ajili ya msimamo. Nimewaona watu wakihama kwa hasira, wakafunga kila mlango nyuma yao, wakabaki kusomana wenyewe kwa wenyewe watu tisa.

Kuhama kutoka seva moja kwenda nyingine baadaye ni rahisi, na neno lake litawachekesha: lakabu. Kwenye akaunti mpya unaitaja ya zamani kuwa lakabu yako, halafu kwenye ya zamani unatoa amri ya kuhama. Wafuasi wako huvutwa wenyewe kwenda kwenye mpya, hawafanyi lolote. Orodha ya unaowafuata na uliowazuia unaishusha kama faili na kuipandisha upya. Ila machapisho hayahami. Yanabaki ulikoyaandika, na seva ile ikifa yanakufa nayo. Tena, ili kuhama kufanikiwe, seva zote mbili lazima ziwe hai siku hiyo. Iliyokwisha kuzimika haiwezi kutoa amri. Ile notisi ya miezi 3 ina kazi yake hapo. Kwa mashairi, basi, mtandao wowote muuone kama baraza la kusomea. Nakala ya asili ikae kwenye faili lenu na, ikiwezekana, kwenye karatasi.

Kuhusu faragha, mwambie kila mtu mara mbili. Ujumbe wa faragha wa Mastodon haujasimbwa kama wa WhatsApp. Msimamizi wa seva akitaka anaweza kuusoma, wa kwenu na wa mnayemwandikia. Na kuna mtego mwingine wa aibu: ukimtaja mtu wa tatu kwa anwani yake kamili ndani ya ujumbe wa faragha, naye anaupata. Kwenye seva yangu bibi mmoja alimwandikia shoga yake kwamba shairi la bwana fulani halina urari hata kidogo, akaliweka jina la bwana na ile alama ya @ kwa heshima. Bwana akajibu ndani ya dakika mbili. Kwa vina, tena vya kati na vya mwisho.

Jambo zito zaidi ni nakala za seva zinazolala majumbani kwa wasimamizi. Mei 2023 FBI walipekua nyumba ya msimamizi mmoja wa seva ya Kolektiva huko Marekani kwa kesi isiyohusu seva hiyo, wakaondoka na vifaa vyake, na ndani yake mlikuwa na nakala ya hifadhidata isiyosimbwa. Anwani za barua pepe za watu na jumbe zao zikaenda pamoja na nyaya. Fundi wenu akifanya bakapu, aisimbe kwa nywila kwanza, ndipo aitie kwenye diski.

Sasa nifikie sababu inayonifanya niamini kwamba mwisho wa yote nyinyi hasa mnahitaji nyumba yenu, hata kama ni baada ya miaka miwili. Ni malumbano. Mshairi mmoja akimrushia mwenzake beti sita za kumkejeli, kumwita kuku wa kienyeji asiyejua mizani, na mwenzake akajibu kwa nane, sisi tunajua ni utani wa jadi na wasikilizaji wanashangilia. Mashine ya kampuni haijui, na msimamizi wa Kijerumani haelewi. Akipata ripoti kwamba mtu ametukanwa ataitafsiri kwa kompyuta, ataona "kuku", atafunga akaunti kwa nia njema. Kinyume chake ni kibaya zaidi: fumbo lenye sumu ya kweli, la kabila au la mwanamke fulani wa mtaani, litampita likiwa limevaa kanzu. Kampuni kubwa nazo ziliikabidhi kazi hii kwa watu wa kwetu huko Nairobi. Mmoja wao, Daniel Motaung, aliifungulia kesi Meta, wenye Facebook, na kampuni ya Sama mwaka 2022 akilalamikia hali ya kazi na madhara yake kwa akili, na mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakaenda mahakamani. Kusafisha matusi ni kazi inayoumiza popote inapofanywa. Kwenu itakuwa ndogo, lakini itakuwepo, na itaangukia mtu mmoja msipoigawa. Wekeni watatu wa zamu, mmoja wao mwanamke, mmoja asiye mshairi. Andikeni mipaka ya malumbano kwa sentensi chache ambazo mtoto wa darasa la saba anazielewa.

Zana mnazo. Seva inaweza kumzuia mtu, na inaweza kukata uhusiano na seva nzima. Gab, mtandao wa Marekani uliojaa siasa kali za kibaguzi, ulipohamia kwenye programu ya Mastodon Julai 2019, seva nyingi ziliukatia mawasiliano na ukabaki unajisemea. Mwanzoni nakilini orodha ya waliozuiwa kutoka kwa seva mnayoiamini. Hamna haja ya kukutana na kila mwendawazimu ndipo mumjue.

Kijana wenu atakuuliza kuhusu Bluesky, kwa hiyo niiguse. Ni rahisi kuingia, inafanana na Twitter ya zamani, ilifunguliwa kwa kila mtu Februari 2024, na X ilipofungiwa Brazil Agosti hadi Oktoba mwaka huo mamilioni ya Wabrazili walikimbilia huko. Itifaki yake imeundwa ili uweze kuhama na akaunti yako, machapisho ndani, jambo ambalo Mastodon hailiwezi. Lakini hadi sasa karibu watumiaji wote wako kwenye mashine za kampuni moja inayotegemea fedha za wawekezaji. Kama lengo ni wasomaji wengi wapya, fungueni akaunti ya kikundi huko kama bango la barabarani. Nyumba msijenge juu ya bango.

Kidokezo kimoja cha kishairi kabla sijasahau. Mastodon ina kisanduku cha onyo: maneno ya juu yanaonekana, ya chini yanafichika mpaka msomaji aguse. Wenzetu wanakitumia kuficha picha za kutisha. Nyinyi andikeni kitendawili juu, jibu chini. Kisha chagueni Kiswahili kama lugha ya kila chapisho, na mtie alama ya reli (#) yenye neno moja mnalokubaliana wote, kwa sababu huko utafutaji wa maneno ndani ya machapisho ni wa kusuasua na watu hupatana kwa alama hizo.

Hili la mwisho nimeliacha makusudi, ila ndilo la kufanywa leo jioni. Umesema mwizi alibadili jina na picha. Hukusema amefuta machapisho ya zamani. Wezi wa kurasa mara nyingi hawahangaiki kufuta, wanataka wafuasi tu. Ingia ukurasa ule kwa simu ya mtu mwingine, pita chini ya hizo dawa za kitambi, uteremke mpaka mwaka jana. Kama mashairi bado yapo, wagawie washairi kumi miaka tisa hiyo, kila mmoja na miezi yake, wakanakili shairi, jina la mtunzi na tarehe, moja baada ya jingine, kabla mwizi hajachoka na biashara yake akaufuta wote. Anayepata shairi la mwenzake lililokatika ampigie simu aulize ubeti wa mwisho.

Ukishalikusanya faili hilo nitumie ujumbe, nitakuandikia majina ya seva tatu za kuanza kuwauliza.